Wenyeji wa Uwanja: Jeevanjee, Mkunguni na Bustani za London

Siku mwenye pesa anapokuja na mchoro wa ghorofa na kutaka kuuchukua uwanja wa mji, nani husimama mbele yake? Kuna miji ambako jibu ni majirani, yaani watu waliojenga nyumba zao kuuzunguka uwanja na wanaoutazama kila wanapofungua dirisha. Kuna miji ambako jibu ni mtaa na msikiti wake. Nairobi haina hili wala lile. Mojawapo ya bustani zake kongwe za umma, katikati kabisa ya mji, karibu haina jirani anayelala kando yake. Jioni maduka yanateremsha milango ya chuma, ofisi zinafungwa, na watu wanaouita uwanja huo wao wanapanda matatu kwenda Kawangware, Kangemi, Uthiru na Dagoretti, au wanashika njia kwa miguu kupitia Westlands. Asubuhi wanarudi. Wenyeji wa uwanja huu wanaishi mbali nao, na jambo hilo limeuumba uwanja wenyewe kwa namna ambayo hatuielewi vizuri mpaka tuulinganishe na viwanja vya kwingine.

Ninaizungumzia Bustani ya Jeevanjee, ekari zipatazo tano kati ya Moi Avenue na Barabara ya Muindi Mbingu. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890, na utajiri wake ukapanda pamoja na reli ya Uganda, kwani alikuwa mkandarasi wake. Alianzisha gazeti ambalo baadaye lilikuja kuwa The Standard tunalolisoma hadi leo, na alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1906, miaka saba tu tangu reli ifike Nairobi, alitenga ardhi, akaifanya bustani, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria na kuikabidhi bustani hiyo kwa watu wa mji. Sanamu ilizinduliwa na mtoto wa malkia huyo, Duke wa Connaught.

Wapo wanaokitazama kitendo hicho na kuona tajiri anayejipendekeza kwa watawala, na sanamu ile inawapa ushahidi. Mimi naona zaidi ya hapo. Mhindi wa wakati huo alizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu. Mji wenyewe ulikuwa unaanza kupangwa kwa rangi: vilima vya magharibi vyenye miti na upepo kwa Wazungu, Ngara na Parklands kwa Wahindi, na tambarare za mashariki kwa Waafrika, ambao muda si mrefu wangelazimishwa kutembea na kipande shingoni. Ndani ya mpango huo, Mwislamu wa jamaa ya Bohora alitoa eneo la katikati ya mji liwe la umma. Msomaji wa pwani anaijua desturi ya wakfu: kisima, msikiti au shamba la minazi ambalo mwenyewe amelitoa katika mali yake ili liwafae watu asiowajua, hata wasiozaliwa bado. Katika zawadi ya Jeevanjee nauona mkono wa desturi hiyo kuliko ninavyouona mkono wa Uingereza.

Waingereza waliokuja kuitawala Nairobi walitoka katika desturi nyingine. Kuanzia karne ya 17, mabwana ardhi wa London waligundua kwamba nyumba hupanda bei zikipangwa kuzunguka kiwanja. Ndivyo ilivyozaliwa Covent Garden katika miaka ya 1630, kisha Bloomsbury, na baadaye sana Belgravia. Katikati ya nyumba pakapandwa bustani, bustani ikazungushiwa nondo za chuma, na ufunguo wakapewa wenye nyumba. Belgrave Square ina bustani ya namna hiyo mpaka leo. Mpita njia huyaona maua kupitia nondo, kisha huendelea na safari yake. Mlinzi wa uwanja wa namna hiyo ni hati ya nyumba.

Lakini hati nayo huuzwa. Katika miaka ya 1920 sehemu ya Endsleigh Gardens iliuzwa ikajengwa, wakazi wa London wakashtuka, na mwaka 1931 Bunge lao likapitisha sheria ya kuvihifadhi viwanja 461 vya mji huo. Sheria hiyo nitairudia, maana ina somo kwetu.

London ina historia ya pili pia, ambayo haisimuliwi sana kwetu. Mwezi Julai 1866 chama cha Reform League, kilichodai wafanyakazi wapewe haki ya kupiga kura, kiliitisha mkutano Hyde Park. Serikali ikafunga malango. Umati ukazisukuma nondo mpaka zikaanguka, na watu wakaingia. Miaka sita baadaye ikapatikana sheria ya 1872 iliyofungua njia ya sehemu ya bustani hiyo kutumiwa kwa hotuba za hadhara, na hadi leo mtu yeyote anaweza kusimama kwenye Kona ya Wasemaji akasema lake. Kwa hiyo mji mmoja ulilea desturi mbili, ya ufunguo na ya nondo zilizoangushwa. Ukoloni ulituletea ya kwanza peke yake. Ile ya pili tuliigundua wenyewe, na kwa gharama kubwa zaidi.

Paris nako, katika Place des Vosges iliyozinduliwa mwaka 1612, historia ya uwanja imeandikwa kwa majina ya wakazi wa nyumba zake. Victor Hugo aliishi nyumba nambari 6 kuanzia 1832 hadi 1848, na sasa nyumba hiyo ni makumbusho. Ndivyo historia za viwanja vya Ulaya zinavyoandikwa kwa kawaida: nani aliishi nyumba ipi, akamwoa nani, akamuuzia nani. Mwandishi akiuleta mtindo huo Jeevanjee atarudi mikono mitupu. Kuizunguka bustani ni majengo ya biashara, na historia yake imo vinywani mwa watu ambao majina yao hayakuchorwa kwenye ukuta wowote.

Pwani tuna desturi yetu, na ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Mbele ya Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, pana uwanja wa Mkunguni. Miti mikubwa inatoa kivuli, soko liko ubavuni, na bahari haiko mbali. Wazee huketi, bao huchezwa, na habari za vyombo, za bei ya samaki na za serikali hupita kutoka mdomo hadi mdomo. Ngome yenyewe ilitumika kama gereza mpaka mwaka 1984, na watu waliendelea kuketi mbele yake miaka yote hiyo. Ukiingia ndani katika mitaa ya Mkomani unakuta baraza za mawe zimeshikana na kuta za nyumba, kwa sababu mwenye nyumba amemjengea mgeni mahali pa kukaa kabla hajamfungulia mlango. Uwanja wa namna hii unalindwa na ujirani wenyewe. Adhana ndiyo inayowagawia watu saa za kukaa na za kuondoka. Anayeketi anajulikana ni mtoto wa nani, na asiyejulikana huulizwa kwa adabu ametoka wapi na amefikia kwa nani.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una Jaws Corner, makutano ya vichochoro ambako kahawa humiminwa katika vikombe vidogo, dhumna hugongwa mezani na siasa hujadiliwa mchana kutwa. Hapo pia kila mmoja anamjua mwenzake, na anajua mwenzake ni wa upande gani. Naipenda desturi hii, ila ina pengo ambalo hatuna budi kulisema: hapo ni pa wanaume. Mwanamke hupita, husalimu na kuendelea. Bustani ya Forodhani, iliyopandwa katika miaka ya 1930 na kukarabatiwa upya na taasisi ya Aga Khan hadi kufunguliwa tena mwaka 2009, ndiyo inayoliziba pengo hilo kwa kiasi fulani. Jioni familia nzima huteremka pale, kina mama na watoto na mabibi, wakala mishikaki na urojo mpaka usiku. Nairobi haina kitu kama hicho. Giza likiingia, katikati ya mji huwa ni mahali pa kukimbilia steji.

Sasa itazame Jeevanjee saa saba mchana. Chini ya mti kuna duara la watu waliosimama bega kwa bega. Aliye katikati ana gazeti lililokunjwa, na kila anapotaja bei ya unga analipiga kiganjani. Mwingine anainua mkono na kudai hoja ya nidhamu. Kuna spika, na spika anamruhusu au anamnyamazisha. Hili ndilo Bunge la Mwananchi, lililoanza kukutana hapa katika miaka ya 1990, wakati kuisema serikali hadharani kulikuwa na bei yake, na ambalo limevumilia kutawanywa na kukamatwa zaidi ya mara moja. Hatua chache kutoka hapo wawili wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, vya upande mmoja vimelala chali na vya upande wa pili kifudifudi, na watazamaji wana maoni mengi kuliko wachezaji. Mhubiri ameshika Biblia na spika yake ndogo ya betri. Mpiga picha anatembea na picha za mfano mkononi akitafuta vijana waliovaa vizuri. Kwenye nyasi watu wamelala, na wengi wao ni waliotoka nyumbani alfajiri kutafuta kibarua wakakikosa.

Hapa hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani. Lamu hali hiyo ingezaa mashaka. Jeevanjee ndiyo inayomfungua mtu ulimi. Mlinzi wa usiku wa nyumba ya Lavington, ambaye kazini hana ruhusa ya kujibu, anamkosoa mwenye shahada mbele za watu, na mwenye shahada analazimika kumjibu kwa hoja. Mkunguni huheshimu umri na ukoo. Duara la Jeevanjee huheshimu hoja, na mwenye hoja dhaifu hupigiwa kelele mpaka aondoke. Ukali huo una hasara zake, wanawake wakiwa wa kwanza kuzionja. Duara lile nalo mara nyingi ni la wanaume, na mwanamke anayeingia humo anahitaji sauti ya juu na roho ngumu. Katika hilo pwani na bara hatujatofautiana vya kutosha.

Mwaka 1991 swali nililoanza nalo lilikuja Jeevanjee. Ulitokea mpango wa kuijenga bustani kwa maduka na maegesho ya magari. Waliosimama mbele walikuwa binti wa Jeevanjee, Shirin Najmudean, na mjukuu wake, Zarina Patel, ambaye baadaye alichapisha kitabu juu ya babu yake mwaka 1997. Walizungumza na magazeti na kuuamsha mji, na mpango ukafa. Kumbuka lakini kwamba Jeevanjee alifariki mwaka 1936. Familia ya mtoaji haiwezi kuwa mlinzi wa milele. Nguvu ya kina mama hao ilikuwa kwamba waliposema bustani inatumiwa na watu, kila aliyepita Moi Avenue aliwaona watu hao kwa macho yake. Bustani tupu ingeliwa. Waliolala kwenye nyasi, wale ambao wakubwa wa mji wamezoea kuwaita wazururaji, walikuwa ushahidi wa kwanza wa kesi.

Ulinganishe uwanja huo na ule ambao dola ilijijengea yenyewe. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, uliotungwa na Profesa Thornton White wa Cape Town na wenzake, ulitaka mji huu uwe na kitovu cha fahari kinachofaa makao makuu ya koloni. Majengo ya Bunge na mnara wake wa saa yalifuata katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru, Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso wakasanifu jumba la mikutano la KICC, ghorofa 28, lililofunguliwa mwaka 1973 na kupokea mwaka huohuo mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mbele yake pana uwanja mpana wenye sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler. Ukisimama hapo una Mahakama ya Juu upande mmoja, City Hall upande mwingine, Kanisa la Familia Takatifu ng'ambo ya barabara, na kaburi la Kenyatta na Bunge mbele kidogo. Mzunguko huo una karibu kila mamlaka yanayoweza kumgusa Mkenya.

Ni uwanja mzuri, nao karibu hauna watu wake. Watalii wanapiga picha, wageni wa mikutano wanapita na vitambulisho vifuani, na anayekaa bila sababu huulizwa sababu. Wasanifu walijua kupanga mawe na maji na bendera. Ila mahali pa kuketi kwa mtu asiye na shughuli hapakuwa katika hesabu zao, na uwanja usio na mahali pa mtu asiye na shughuli utabaki kuwa ua wa serikali tu. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha walifika hapo kwa maelfu na wakaingia Bunge. Kuna waliopigwa risasi wakafa. Mwaka mmoja baadaye, siku ya kuwakumbuka, njia za kuelekea Bunge zilizungushiwa waya wa miiba. Desturi ya nondo, tena.

Nairobi imelipia viwanja vyake kwa damu tangu mapema. Tarehe 14 Machi 1922 mwanasiasa mpinga ukoloni Harry Thuku alikamatwa, na siku mbili baadaye umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi karibu na Hoteli ya Norfolk, mwendo mfupi kutoka Jeevanjee. Wazee waliokwenda kujadiliana na serikali walirudi na kuwaomba watu waondoke. Mwanamke mmoja katika umati huo, Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake mbele ya wanaume wale, kitendo kizito kabisa katika mila ya Wakikuyu, akawauliza kama wao ni wanaume kweli. Umati ukasonga mbele, bunduki zikalia, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilitangaza vifo 21. Simulizi za wenyeji zinataja wengi zaidi.

Miaka 70 baadaye, tarehe 28 Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wamwere, waliketi katika kona ya Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Ni Wangari huyohuyo aliyekuwa ameanza kupinga mwaka 1989 jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimama ndani ya bustani hiyo. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, Wangari akapigwa hadi kupoteza fahamu, na baadhi ya kina mama wakavua nguo kuwalaani askari wenye umri wa watoto wao. Walipofukuzwa walihamia Kanisa la All Saints lililo jirani, wakakaa karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote wakawa huru. Jengo la ghorofa 60 halikujengwa.

Silaha ya Nyanjiru na ya kina mama wa 1992 ilikuwa moja. Haikutoka Hyde Park, wala haikutoka Lamu. Ilitoka Kiambu na Nyeri na Nakuru, katika mila inayosema kwamba mwili wa mama unaweza kumlaani mwana. Hapa ndipo ninapoona sura halisi ya uwanja wa Nairobi. Hauna ufunguo wala adhana ya kuulinda. Watu hufika kutoka mbali, kila mmoja na mila ya kwao, na wasipokuwa na kingine cha kuweka mbele huweka miili yao. London ina hati, Lamu ina ujirani, sisi tuna watu wanaokubali kuketi. Ni ulinzi wenye nguvu ya ajabu, na kuutegemea peke yake ni ukatili, kwa sababu kila kizazi kinadaiwa kupigwa upya ndipo bustani ileile ibaki.

Kwa nini basi mtu wa Kangemi au Kawangware aende hadi mjini kutafuta pa kusemea? Jibu liko katika ardhi ya magharibi yenyewe. Kabla ya 1963 Kangemi, Kawangware, Riruta na Waithaka zilikuwa nje ya mpaka wa Nairobi, katika eneo la Wakikuyu la wilaya ya Kiambu. Zilikuwa ardhi za mbari, yaani za koo, na palikuwa na kihaaro, uwanja wa ngoma na mikutano, na miti ambayo chini yake wazee wa baraza la kiama waliamua kesi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoharakisha ugawaji wa hati, kila kipande kikapata mwenyewe. Vilivyobaki vya umma ni shule, masoko na kambi za machifu. Mji ulipofika, wapangaji wakaja kwa wingi kutoka Magharibi ya Kenya na kwingine, na wenye ardhi wakajenga vyumba hadi ukingo wa njia. Mkutano wa hadhara ukabaki kuwa ule wa chifu, yeye kivulini chini ya hema na watu juani kwenye nyasi. Na mpaka mageuzi ya mwaka 1997 kuitisha mkutano mwingine wowote kulihitaji leseni. Aliyetaka kumpinga chifu alipanda gari namba 46 akashuka mjini.

Jirani na vitongoji hivyo iko Lavington, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's mwaka 1899 na kupanda kahawa, na ambako baadaye Wazungu walijenga nyumba zao katika bustani pana. Huko nafasi ilikuwepo tele, yote nyuma ya ua. Walichopata wakazi wa magharibi mahali pa uwanja ni maduka makubwa, kuanzia Sarit Centre ya Westlands mwaka 1983. Tangu shambulio la kigaidi katika duka la Westgate la Septemba 2013 malango yao yana upekuzi, nasi tunaelewa kwa nini. Ila mahali ambapo kuketi kunategemea kununua ni bustani ya Belgrave Square iliyorudi kwa sura nyingine.

Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Francis alikwenda Kangemi, kwenye Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akawasema hadharani wajenzi binafsi wasio na sura wanaojirundikia ardhi na kujaribu kunyakua hata viwanja vya michezo vya shule. Kila aliyemsikia alikumbuka Januari ya mwaka huohuo, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata waliporushiwa vitoza machozi kwa kuusukuma ukuta uliowatenga na uwanja wao. Watoto hao nao waliangusha ua, kama umati wa 1866. Walirudishiwa kiwanja. Kangemi yenyewe ina uwanja wa Kihumbuini, ambapo mipira huchezwa na wanasiasa huja kuomba kura, na sioni sababu ya kusubiri siku watoto wake watakapolazimika kufanya hivyo.

Sheria ya London ya 1931 ilivitaja viwanja kwa majina, kimoja kimoja, ili hakimu asiwe na la kutafsiri. Sisi hatuhitaji kujifunza jambo hilo ugenini, kwa maana tunalo nyumbani: Maktaba ya McMillan, mwendo mfupi kutoka Jeevanjee, ina sheria yake yenyewe ya Bunge inayoilinda. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, na haki ya kukusanyika bila mahali pa kukusanyikia ni karatasi. Tunahitaji sheria moja itakayoitaja Jeevanjee, Uhuru Park, Kamukunji, Kihumbuini na kila uwanja wa umma uliobaki Kawangware, Riruta na Dagoretti, pamoja na mipaka yao, na kuzuia kipande chochote kisitolewe bila kura ya Bunge hadharani. Iandikwe pia kwamba kuketi humo si kosa, na kwamba anayeketi haulizwi sababu. Msomaji mwenye mbunge wa Westlands au wa Dagoretti Kusini au Kaskazini, mpelekee dai hili kabla ya uchaguzi ujao, na umtake alijibu mbele ya watu, uwanjani.